Umekutwa na HPV? Usikimbilie kukagua simu ya mume

Juzi msomaji ameniandikia: "Dada, nimepima nimekutwa na HPV. Ina maana mume wangu anachepuka?" HPV ni kirusi kinachoambukizwa kwa ngono, na kinaweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi. Nilimjibu usiku uleule. Swali hilo mimi niliulizwa na ukoo mzima, tena kwa kelele.

Sikuwa na dalili yoyote. Nilimsindikiza rafiki kliniki, nesi akaniambia na wewe umeshavuka thelathini, panda kitandani. Akapaka siki kwenye mlango wa kizazi, akasubiri kidogo, pakatokea weupe, ishara ya seli zilizoanza kuharibika. Nikachomwa hapo kwa joto siku hiyohiyo, na nikapewa sharti: wiki nne bila tendo la ndoa. Hapo ndipo nyumba ilipowaka. Wifi alitangaza kwamba nimewaletea uchafu. Leo tunasalimiana vizuri, lakini pilau yake ya Idi siigusi.

Sasa nisikilizeni. Karibu kila aliyewahi kufanya ngono hukipata kirusi hiki wakati fulani, mke kwa mume. Kondomu hupunguza tu, kwa kuwa kinapita ngozi kwa ngozi. Kwa wengi mwili hukifukuza ndani ya miaka miwili. Kibaya ni kile kinachong'ang'ania, hasa aina ya 16 na 18, zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Kinaweza kujificha miaka mingi, kwa hiyo karatasi ya majibu haikwambii umekipata lini wala kwa nani. Ndoa ivunjike kwa sababu nyingine, si kwa hiyo.

Na kirusi si saratani. Mara nyingi hupita miaka 15 hadi 20 kabla seli hazijaharibika kufikia huko. Kwa anayeishi na VVU bila dawa, hata 5 hadi 10. Ndiyo maana dada zangu wa CTC, kliniki za wanaoishi na VVU, huanza kupimwa wakiwa na miaka 25. Kapimeni, jamani! Usiende ukiwa kwenye siku zako, vaa sketi pana, basi.

Halafu wapo akina mama wanaowaficha mabinti siku ya chanjo ya HPV, eti watakuwa wagumba. Hao nina ugomvi nao. Tanzania inachanja tangu 2018, na sasa ni sindano moja tu, miaka 9 hadi 14. Wangu nilimpeleka mwenyewe. Akifika thelathini naye atapanda kile kitanda, maana chanjo haizuii aina zote.