Paka mchanga mwenye mguu ulioumia vibaya: uokoe mwili kwanza

Ndugu uliyeuliza, nimeyasoma maelezo yako kwa makini. Una mtoto wa paka wa siku mbili ambaye mguu wake wa nyuma ulinaswa na kiungamwana, yaani kamba ya kitovu, wakati wa kuzaliwa, mguu huo sasa umevimba na kuwa mweusi kuanzia kifundoni kwenda chini, na unataka kujua kama uukate mwenyewe, uufunge bendeji, au umpeleke akachomwe sindano ya kumpumzisha, yaani afe bila mateso. Jibu langu ni kwamba usiukate, usiufunge, na usifikie uamuzi wa mwisho kabla hajaonwa na daktari wa mifugo, tena aonwe leo. Nimelea watoto wa paka yatima kwa miaka mingi, na miongoni mwao wamekuwamo waliovunjika, waliong'atwa na waliokufa mguu mmoja kama huyo wako. Katika wiki ya kwanza, mara nyingi kinachomuua paka wa namna hii si mguu, bali ni baridi na njaa vinavyompata wakati sisi tumeukodolea macho mguu.

Anza basi na joto. Paka mchanga hana uwezo wa kutetemeka ili ajipashe joto, na hulitegemea kabisa tumbo la mama yake na miili ya ndugu zake. Joto lake la kawaida katika wiki ya kwanza ni nyuzi 35 hadi 37 hivi, chini kidogo kuliko la paka mkubwa, na mahali anapolala panapaswa kuwa na nyuzi 29 hadi 32. Mtie kidole mdomoni: ukihisi ubaridi, huyo yuko hatarini hata kama mguu wake unaonekana kutulia. Mpashe joto polepole, kwa saa moja au zaidi, kifuani mwako chini ya nguo au kando ya chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, ukiacha nusu ya boksi bila joto ili aweze kujisogeza akizidiwa. Angalia pia kwamba mguu uliokufa hauigusi chupa hiyo, kwa sababu mahali ambapo damu haipiti pana uwezekano mkubwa wa kuungua, na yeye hatalia kwa kuwa hahisi kitu.

Usimnyweshe maziwa kabla hajapata joto. Tumbo la paka aliyepoa husimama kufanya kazi, maziwa hubaki humo bila kusagwa, na mara nyingi mengine humpalia yakaingia mapafuni. Akishapata joto, mwache anyonye kwa mama yake ikiwa mama yupo na anamkubali, kwa maana hakuna maziwa yanayoyafikia hayo, hasa yale ya mwanzo yanayoitwa dang'a, ambayo hubeba kinga na humfaa mtoto katika saa chache za kwanza tu. Kama hakuyapata, mwambie daktari, kwa sababu jambo hilo hubadilisha namna atakavyouangalia uwezekano wa kidonda kuingiliwa na vijidudu. Ikibidi umlishe mwenyewe, tumia maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa paka, wala si ya ng'ombe, ambayo yana protini na mafuta machache mno kwake na humharisha. Mlaze kifudifudi kama anavyolala anaponyonya, kamwe usimlaze chali, na umpe mililita 4 hivi kwa kila gramu 100 za uzito wake kwa mlo mmoja, kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana.

Nunua mizani ndogo ya jikoni. Paka wengi huzaliwa wakiwa na gramu 100 hivi na huongezeka gramu 10 hadi 15 kwa siku. Aliyeumia anaweza kuongezeka kwa kasi ndogo kuliko ndugu zake, na hilo halinitishi, ila siku uzito unaposhuka ninarudi kwa daktari bila kusubiri siku ya pili. Kwangu mimi mizani imekuwa shahidi wa kuaminika kuliko sura ya kidonda: nimewahi kuona kidonda cha kuogofya kwa paka aliyekuwa akinenepa, na kidonda kidogo kwa paka aliyekuwa akififia.

Sasa tuje kwenye mguu. Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba hakuna kitu kinachoendelea kuukaba. Kiungamwana kikikauka hugeuka uzi mgumu unaozama ndani ya uvimbe na kufichwa na manyoya, na vivyo hivyo nyuzi za matandiko au unywele. Lowesha sehemu hiyo kwa maji ya uvuguvugu mpaka ilainike, utazame chini ya mwanga mkali, na kama uzi unaonekana wazi, ukate kwa mkasi wenye ncha butu. Ukiwa umezama, mwachie daktari. Kisha bonyeza taratibu kinyama cha chini ya kidole. Kikiwa na uvuguvugu, na rangi ikarudi ukiachia, damu bado inapita na mguu huo unaweza kupona hata kama umevimba na kuwa wa zambarau. Kikiwa cheusi, baridi na kigumu, sehemu hiyo imeshakufa, wala haitafufuliwa na dawa yoyote.

Hata hivyo, mguu uliokufa si lazima uondolewe siku hiyohiyo. Ikiwa sehemu iliyokufa ni kavu, mwili hujiwekea mpaka wenyewe kati ya nyama hai na iliyokufa, na kwa siku kadhaa utauona mstari mwembamba mwekundu ukizunguka mguu, juu yake ngozi laini yenye joto, chini yake kitu kilichosinyaa kama kipande cha ngozi iliyoanikwa juani. Kwa paka mmoja niliyemlea, sehemu ya chini ya mstari ilianguka yenyewe na kuacha kigutu kilichoanza kujifunika ngozi mpya, na muda wote huo daktari alikuwa akimfuatilia. Ukikata mwenyewe unaweza kukata mahali ambapo mpaka haujajipambanua, na paka wa gramu 100 ana damu kidogo sana mwilini, kiasi kwamba matone unayoyaona machache kwake ni mengi. Kinachopaswa kukufanya ukimbie ni unyevunyevu: harufu ya kuoza, usaha, wekundu unaopanda juu kuelekea pajani, au tumbo kuvimba. Nzi nao wasisahaulike, kwa kuwa hutaga juu ya kidonda na mabuu huanza kutoka ndani ya siku moja, kwa hiyo boksi lifunikwe chandarua.

Kusafisha hakuhitaji dawa kali. Chemsha maji, weka kijiko kidogo kimoja cha chumvi, kisijae kupita kiasi, katika nusu lita, yaache yawe ya uvuguvugu, kisha yamiminie kwa bomba la sindano lisilo na sindano bila kusugua, ukimaliza umkaushe haraka asipoe. Kwa kuwa ni mguu wa nyuma, mkojo na kinyesi vitatiririkia hapo. Paka wa umri huu hajikojozi mwenyewe hadi afike wiki tatu hivi, bali huchuliwa kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu kila baada ya mlo, na mara baada ya kumchua ndipo pa kumsafisha mguu. Spiriti na haidrojeni peroksidi huunguza nyama changa inayojaribu kuota. Dawa za kuulia vijidudu za majumbani, zile zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikichanganywa na maji, huwa na fenoli ambazo ini la paka haliwezi kuzivunja, naye huzilamba au huzifyonza kupitia ngozi.

Kuhusu maumivu nakuomba usikilize sana. Parasetamoli humuua paka; kidonge kimoja kinatosha kumuua paka mzima, na hakuna kipimo salama cha kumpa mtoto. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki ziache pia. Daktari anazo dawa zinazomfaa mnyama mchanga, na wewe kazi yako ni kumweleza unachokiona. Paka mchanga mwenye afya hulala karibu siku nzima, na usingizini misuli yake hurukaruka, masikio, midomo na vidole vikicheza. Yule anayelia mfululizo hata akiwa ameshiba na ana joto, au anayelala kimya pasipo mruko wowote wa misuli, ana tatizo linalohitaji msaada.

Sababu ya kukukataza bendeji ni ukuaji. Uzito wa mtoto wa paka hufika mara mbili ya ule wa kuzaliwa ndani ya takriban wiki mbili za kwanza, hivyo bendeji iliyokuwa sawa Jumatatu inaweza kuwa kitanzi ifikapo Alhamisi, na nimepokea paka ambaye mguu wake uliouawa na bendeji ulikuwa umevunjika tu, ambao ungepona. Mifupa ya umri huo huunga haraka, mara nyingi ndani ya wiki mbili hadi nne. Daktari akiweka banzi, yaani kijiti cha kuushikilia mfupa, mwombe aache vidole viwili vya kati vionekane, uvitazame kila unapomlisha, na vikianza kuachana au kuvimba, mrudishe siku hiyohiyo.

Mama na ndugu zake ni msaada na hatari kwa pamoja. Ulimi wa mama husafisha vizuri, lakini baadhi hulamba bila kukoma mpaka wakala nyama hai, na wengine humburuta mtoto nje ya kiota. Watoto waliokosa mama nao hutafuta kitu cha kunyonya, na kigutu ni chuchu nzuri kwao. Ukiona mojawapo, mtenge kwa kizuizi cha wavu ili abaki kwenye joto na harufu yao.

Upasuaji, ikiwa utahitajika, madaktari wengi hupendelea usubiri mpaka paka awe na wiki kadhaa na uzito wa kutosha, kwa sababu nusukaputi kwa mnyama mdogo mno humshusha joto na sukari ya damu. Ila mguu unaooza haungojei. Uliza mapema atakatia wapi. Wengi hukata juu, pajani au kwenye nyonga, na jambo hilo huwashtua wenye paka wanaotaka mguu mwingi ubaki, lakini kigutu kirefu huburutwa sakafuni na kuchubuka kila siku. Uliza pia muda wa kumnyima chakula, kwa maana mtoto anayenyonya hafungishwi usiku kucha kama paka mkubwa.

Sindano ya kumpumzisha ninaikubali pale ambapo vijidudu vimeshaingia kwenye damu, au uti wa mgongo umeumia na hawezi kukojoa hata akichuliwa, au uzito unashuka licha ya joto, maziwa na dawa. Kukosa mguu peke yake si sababu. Paka huanza kusimama akiwa na wiki tatu hivi, na aliyepoteza mguu kabla ya hapo hujifunza kutembea kwa mitatu tangu mwanzo. Wa kwangu, ndugu zake walipoanza kutoka kwenye boksi, naye alitoka siku hizohizo. Unachopaswa kumwandalia ni sakafu isiyoteleza, sinia la choo lenye ukingo mfupi, na karatasi zilizochanwa badala ya mchanga mpaka mshono ufunge.