Levi tena? Nyumba imepanda bei, basi hela ya shule inakwenda wapi

SWALI: Kaka, habari za kazi. Sisi tulitoka kambi ya Nyarugusu, sasa tuko mji mdogo si mbali na Dayton, Ohio. Mwaka jana mimi na mume wangu tuliapa uraia, kwa hiyo Novemba hii tutapiga kura kwa mara ya kwanza. Kwenye karatasi kuna levi ya shule, yaani kodi ya nyumba inayoombwa kwa kura, ya mili 5. Mume wangu hataki hata kuisikia. Anasema nyumba tuliyonunua dola 160,000 kaunti sasa wameiandika 200,000, maana yake shule imeshapata nyongeza, na anayeomba tena ni mwizi. Juu ya hayo, ripoti kadi ya wilaya yetu ina nyota tatu, na upande wa ufaulu ni nyota mbili tu. Hivi nani anaziendesha shule hizi, hela zinatoka wapi, na tuwaamini?

JIBU: Dada, mwambie shemeji asichane karatasi kwanza. Hoja yake ina akili, na mahali pengi ingekuwa sahihi. Ohio ndiyo iliyopinda. Nimekaa miaka kadhaa kwenye ofisi ya mweka hazina wa wilaya ndogo ya shule, na hili la shemeji ndilo naulizwa kuliko yote: dukani, kanisani, hata nikiwa kwa kinyozi na wembe uko shingoni.

Nianze na neno "wilaya", maana linatuchanganya sisi tuliotoka kwetu. Hapa si wilaya yenye mkuu wa wilaya. Ni serikali ndogo inayojitegemea, kazi yake moja tu, shule. Ina mipaka yake, ambayo mara nyingi hailingani na mipaka ya mji, na haiko chini ya meya. Ohio ina zaidi ya 600 za namna hiyo. Yenu inaongozwa na bodi ya watu watano waliochaguliwa na wakazi kwa miaka minne, Novemba ya miaka ya witiri, na kwenye karatasi ya kura majina yao hayaandikwi chama. Kwenye wilaya ndogo utamkuta nesi mstaafu, mkulima, fundi wa umeme. Wanakutana jioni kwenye maktaba ya shule. Nimewahi kukaa kikao ambacho boila iliyokuwa ikivuja ilijadiliwa dakika arobaini, na bajeti nzima ikapita kwa dakika sita.

Bodi inaajiri watu wawili: msimamizi mkuu, anayeendesha masomo na walimu, na mweka hazina, anayeshika hesabu. Hapa ndipo wengi hawajui: mweka hazina hayuko chini ya msimamizi mkuu. Wote wawili wanajibu kwa bodi moja kwa moja. Anayeidhinisha malipo hakuajiriwa na anayetaka kununua. Kwa hiyo mkisikia msimamizi anasema "hela zimeisha", mnayo haki ya kumgeukia mtu wa pili na kuuliza, mweka hazina, nawe unasemaje?

Sasa hela. Ya serikali kuu ya Washington tuipite haraka: ndiyo ndogo kuliko zote, na inakuja imefungwa kamba, ya chakula cha watoto, ya shule zenye watoto wengi wa familia maskini, ya wenye mahitaji maalumu. Huwezi kuichota ukazibia pengo la mishahara ya kawaida. Kilichobaki kinagawanywa kati ya jimbo na nyinyi wenye nyumba, na hapo ndipo ugomvi ulipo.

Turudi kwenye bili ya nyumba yenu. Ohio haitozi kodi kwenye bei yote ya nyumba, inatoza kwenye asilimia 35 yake. Nyumba ya 160,000 inahesabiwa 56,000. Mili moja ni dola moja kwa kila elfu ya hiyo 56,000. Levi ya zamani ya mili 5, nyumba ilipokuwa 160,000, ilikuwa inawatoza dola 280 kwa mwaka. Nyumba imepanda hadi 200,000, asilimia 35 yake ni 70,000. Shemeji anapiga hesabu: 70 mara 5, dola 350, shule imepata 70 za bure.

Haikupata. Mwaka 1976, mfumuko wa bei ulipokuwa unapaisha thamani za nyumba, bunge la Ohio lilipitisha sheria ambayo mpaka leo tunaiita kwa namba yake, 920. Inasema levi iliyopigiwa kura itaendelea kukusanya kiasi kilekile cha dola kutoka kwenye nyumba zilezile. Thamani ikipanda, mili zinashushwa. Kama nyumba zote za wilaya zimepanda robo kama yenu, zile mili 5 zinageuka mili 4. Zidisha 70 mara 4: dola 280. Ileile. Kinachoongeza ni nyumba mpya tu, na mji wenu sijui kama umejenga nyingi.

Upande wa matumizi hakuna sheria kama hiyo. Mshahara wa mwalimu unapanda, bima ya afya inapanda zaidi, dizeli ya mabasi ndiyo usiseme, na kwenye wilaya yoyote mishahara na bima ndiyo inakula sehemu kubwa kabisa ya bajeti. Hela imesimama, gharama inatembea. Kila baada ya miaka michache bodi inalazimika kurudi kwenu na bakuli, hata kama haijaongeza mwalimu mmoja. Ndiyo maana nasema kuomba levi peke yake si ushahidi wa wizi.

Na kuna jambo linaloniudhi kuliko hilo. Tangu 2021 jimbo lina kanuni mpya ya kugawa fedha. Inakadiria gharama ya kumsomesha mtoto, kisha inapima wilaya yenyewe ina uwezo gani, uzito wa asilimia 60 ukiwa kwenye thamani ya mali na 40 kwenye kipato cha wakazi. Ni nzuri kuliko iliyoitangulia, sibishi. Ila thamani ya nyumba zenu ikipanda, kanuni inawaona mmetajirika na sehemu ya jimbo huweza kupungua. Kwenye karatasi nyinyi ni matajiri, kwenye akaunti ya shule ile 280 haijasogea. Mtu akikuuliza kwa nini wilaya nyingi za mashambani zimeona heri kutoza kodi ya mapato ya shule, na ziko zaidi ya 200 zenye kodi hiyo, sababu mojawapo ni hii.

"Mbona bili yetu imepanda?" Shemeji atauliza, na ni haki yake. Angalia mambo matatu. Kwanza, kuna mili 10 ambazo hazipigiwi kura, zinagawanywa kati ya kaunti, mji na shule. Hizo mpaka 2025 hazikuwa zikishushwa, zilipanda pamoja na nyumba. Pili, kupunguza kule kunafanywa kwa wastani wa wilaya. Kama nyumba yenu imepanda kuliko za majirani, nyinyi mnalipa zaidi na jirani anapungukiwa. Tatu, na hili ndilo kubwa, kuna sakafu ya mili 20. Jumla ya mili za uendeshaji za wilaya ikishuka mpaka hapo, haishuki tena, na mpaka 2025, kutoka hapo nyumba zikipanda bei shule ilipata zaidi kweli; sasa ongezeko hilo limewekewa kikomo. Kwa hiyo kabla ya kupiga kura mpigieni mweka hazina mumuulize neno moja: tuko kwenye sakafu? Akisema ndiyo, hoja ya shemeji inasimama na bodi ieleze nyongeza hiyo imekwenda wapi. Sheria za kodi hii zimekuwa zikiguswaguswa siku hizi, muulize kwa hesabu za mwaka huu, si za miaka mitano nyuma.

Someni pia levi yenyewe ni ya aina gani. Ya kuhuisha inaendeleza kodi mnayolipa sasa. Ukisema hapana, shule inapoteza kilichopo. Ya nyongeza ni hela mpya juu ya ile. Ya uendeshaji inalipa walimu, ya majengo na vifaa inanunua basi na paa na haiwezi kuhamishiwa mishahara hata mkisikitika vipi. Kama yenu ni mili 5 za nyongeza, kwa nyumba ya 200,000 ni dola 350 kwa mwaka, chini kidogo ya 30 kwa mwezi.

Haya si malalamiko ya jana. Mwaka 1991 kesi ilifunguliwa kwa jina la mwanafunzi wa kaunti ya Perry, Nathan DeRolph. Katiba ya Ohio ya 1851 inaagiza mfumo wa shule za umma ulio kamili na wenye ufanisi, na walalamikaji wakapeleka ushahidi wa hali halisi. Kulikuwa na shule iliyopashwa joto kwa makaa ya mawe. Watoto wanafika asubuhi wanakuta madawati yamefunikwa vumbi jeusi lililotua usiku. Machi 1997 Mahakama ya Juu ya Ohio, kwa majaji wanne dhidi ya watatu, ikasema mfumo wa fedha za shule unavunja katiba, na kwamba umeegemea mno kodi ya nyumba. Ikarudia hukumu mara kadhaa, mwisho 2002. Majengo yalijengwa kweli, mengi, jimbo lilianzisha tume kwa kazi hiyo mwaka huohuo 1997. Lakini kuegemea kodi ya nyumba? Si unaona karatasi yako ya kura.

Kuhusu nyota. Ripoti kadi hutoka kila Septemba, na nyota moja mpaka tano. Usiishie kwenye ile ya jumla. Nyota ya Ufaulu inahesabu watoto wamepata alama gani kwenye mitihani ya jimbo, na mimi kwa maoni yangu naona inapima mfuko wa wazazi kuliko kazi ya mwalimu: mji wenye kipato kizuri huwa nazo nne bila jasho. Angalia Maendeleo, inayomlinganisha mtoto na alipokuwa mwanzo. Wilaya yenye Ufaulu mbili na Maendeleo nne ina walimu wanaofanya kazi. Ingekuwa kinyume, ningehoji. Kuna na nyota ya kuziba mapengo; humo ndimo wanapohesabiwa watoto wanaojifunza Kiingereza, wakwenu wakiwemo, kama wanasonga. Kumbukeni tu wilaya ni ndogo. Darasa la tatu likiwa na watoto 50, kila mtoto ni asilimia mbili. Watano wakiumwa mafua wiki ya mtihani, gazeti litaandika shule imeporomoka.

Kuwaamini? Nendeni mkawatazame. Vikao ni vya wazi kwa sheria; wanaweza kujifungia kuzungumzia mambo machache kama ya mfanyakazi fulani, lakini kura lazima ipigwe mbele yenu. Ombeni makadirio ya fedha ya miaka ijayo, ni waraka wa umma, na mtafute mstari wa mwisho unaoonyesha akiba. Ukiona akiba inaingia hasi mwaka wa pili au wa tatu, levi hiyo si mchezo. Ukiona akiba inatosha kuendesha shule mwaka mzima, waambieni warudi baadaye. Bodi nyingi zinatoa muda wa wananchi kusema, dakika tatu hivi kila mtu, na jina linaandikwa kabla kikao hakijaanza, kwa hiyo fikeni mapema. Shule inayopokea fedha za Washington inapaswa kuzungumza na mzazi kwa lugha anayoielewa. Pigeni simu wiki moja kabla, mseme tunahitaji mkalimani wa Kiswahili. Na shemeji aje na bili yake mkononi.