Koti la Elfu Sita na Vizibo Thelathini na Nne

Juzi msomaji mmoja wa Sengerema kaniandikia: "Dada, nataka koti kama ulilovaa harusini, ila nina elfu ishirini tu." Nilicheka peke yangu. Hilo koti la viraka na vizibo vya soda ndilo lililonikalisha uani na wapika pilau mpaka keki inakatwa. Shangazi alinidaka mlangoni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kichwa changu kiko sawa. Watu wazima hawajibiwi, nikapitia uani.

Haya, tuanze na elfu ishirini yako. Inatosha na chenji inabaki.

Koti nililipata Mlango Mmoja, soko la mitumba hapa Mwanza, kwa elfu sita: la kitambaa cha jinzi nyeusi, la kiume, kwapa limechanika. Ukitaka kuchagua, wahi belo linapofunguliwa asubuhi. Ukitaka bei, nenda jioni, muuzaji akiwa amechoka kupiga kelele. Mimi ni mtu wa jioni. Kwapa lililochanika lisikutishe, soma lebo ya ndani. Tafuta pamba. Jik, ile dawa ya madoa tutakayolichubulia koti, inakula rangi ya pamba, poliesta haiigusi. Niliwahi kuloweka shati la poliesta saa nzima, likatoka jeusi vilevile, linanuka choo.

Na pamba nyeusi usitegemee iwe nyeupe, inakuwa rangi ya kutu. Ndiyo ninayoipenda. Punguza Jik kwa maji, nyunyizia nje penye hewa, rangi ikitokea suuza kwa maji mengi, la sivyo kitambaa kinaoza mkononi. Usichanganye na siki wala dawa nyingine ya usafi, inatoa hewa inayokaba koo.

Sasa viraka. Uzi wa cherehani ulinikatikia mara tatu begani. Nikashuka soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, fundi nyavu mmoja akanipa bure kipande cha uzi wa nailoni anaoshonea nyavu. Huo haukatiki. Kwenye pindo nene sindano nilikuwa naivuta kwa plaizi.

Vizibo vya soda niliviokota nyuma ya grosari ya jirani. Mwanza mawe hatununui: nilikaa juu ya jiwe la nyuma ya nyumba, nyundo mkononi, nikikilaza kizibo kifudifudi na kukunja meno yake ndani, moja moja, mpaka kikawa bapa kama sarafu. Kisha matundu mawili ya kupitishia uzi, kwa msumari. Cha tano sikukikunja vizuri, kikanichana kidole gumba, na tone la damu bado liko kwenye bitana. Vyote 34 nikavipaka rangi ya kucha isiyo na rangi ili mvua isivitie kutu. Nikitembea vinalia kachakacha. Siku ya harusi shangazi alinisikia kabla hajaniona.

Jik, sindano na rangi ya kucha havikufika elfu tano.

Kosa langu kubwa lilikuja baada ya koti kusifiwa na watu kuanza kuniagiza. Msanii mmoja, simtaji, alichukua makoti matatu akalipa moja, akisema rangi niliyopaka mgongoni imepasuka. Ilipasuka kweli, nilitumia rangi ya ukutani. Tumia ya kitambaa, ikikauka ipige pasi kwa nyuma. Lakini ndugu yangu, kwenye video yake mpya kavaa lile lile lililopasuka! Siku hizi bila nusu ya malipo mkononi sishiki sindano.

Na nyie mnaosubiri mtaa uwaruhusu, mtasubiri sana. Mama zetu walikata kanga na vitenge wakashona walichotaka, nani aliwauliza? Vaa. Ukiogopa, vaa kwanza kwenda dukani kununua chumvi, kesho yake panda nalo daladala. Mimi nilianza hivyo hivyo, nikiwa nimeinamisha kichwa, na konda akanidai nauli kama abiria yeyote.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Sengerema, vuka kwa kivuko cha Kamanga au pita darajani Busisi, ufike jioni, twende wote Mlango Mmoja. Njoo na vizibo. Vya mtaani kwangu nimevimaliza.