Ndege wanamaliza perege: uweke sumu?
Mkuu, umeuliza kama uweke sumu pembeni ya bwawa lako la nyuma ya nyumba kwa sababu ndege wanakumalizia perege. Sumu sahau kabisa. Mvua moja tu ikinyesha, inaingia majini, na samaki hao unawala wewe na watoto.

Mjue mwizi kwanza. Mdiria, yule mweusi na mweupe anayepiga mbawa hewani kabla ya kujitosa, anabeba samaki wadogo tu. Perege huzaana kupita kiasi hadi wanadumaa, kwa hiyo akiwapunguza mimi simfukuzi. Hasara ni korongo: husimama kwenye maji mafupi na kuchukua samaki wa kitoweo. Kingo zishuke karibu wima, maji yafike nusu mita au zaidi tangu ukingoni, atakosa pa kusimama. (Hii ni kwa udongo wa mfinyanzi, wa kichanga utaporomoka.) Mnandi anapiga mbizi, huyo dawa yake ni wavu juu ya bwawa zima. Ukaze sana, ukilegea ndege wananasa na kufia humo.

Kenge? Fyeka nyasi za kingoni, asipate maficho. Kereng'ende mchanga naye hula vifaranga vya samaki, ila akikua anakula mbu, basi namwacha.