Muulize Shangazi: Ofisini wananicheka
SWALI: Shikamoo shangazi, mi binti wa Tanga nimehamia Mwanza kikazi, wenzangu wakianza Kisukuma nabaki natoa macho tu, nikiongea wanacheka lafudhi yangu, siku hizi nanyamaza tu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mara nyingi huo ni utani tu, ila kama ni mmoja huyohuyo na anakukatiza hadi kwenye kikao, mwite pembeni umwambie. Lafudhi usibadilishe bwana, wengine tunaitamani! Kisukuma omba wakufundishe, anza na salamu ya asubuhi, mwangaluka, utachapia watacheka na wewe cheka. Halafu usiwategemee wa ofisini peke yao, Jumamosi shuka soko la Mwaloni Kirumba ununue dagaa kwa mama yuleyule, ukikosa wiki moja atakuuliza ulikuwa wapi.