Kuunganisha ruta mbili bila waya

Ndugu yangu wa Mikindani, umeuliza iwapo ruta mbili zinaweza kuunganishwa bila waya ili intaneti ya sebuleni ifike chumba cha uani. Inawezekana, mradi ruta ya pili iwe na uwezo wa WDS (mfumo wa kuunganisha ruta kwa mawimbi badala ya waya) au wa kurudia mawimbi, yaani kuyapokea na kuyatuma tena.

Iunganishe ruta hiyo ya pili na kompyuta kwa waya, kisha ubadilishe anwani yake ya mtandao (IP): ikiwa ya kwanza inatumia 192.168.1.1, hii ipe 192.168.1.2, kwani zikifanana zitagongana. Zima DHCP, yaani huduma inayovipa vifaa anwani, kwenye hiyo ya pili, ili kazi ya kugawa anwani ibaki kwa ruta moja tu. Hapa ndipo wengi hukwama. Mimi mwenyewe nilipoteza jioni nzima huku Shangani, simu ikionyesha vijiti vyote vya mtandao na hakuna ukurasa hata mmoja unaofunguka. Chaneli, yaani njia ya mawimbi yenye namba yake, iwe moja kwa zote mbili, nayo isiachwe ijibadilishe yenyewe.

La muhimu zaidi ni mahali pa kuiweka ruta ya pili. Kuta nene za mawe ya matumbawe, kama za nyumba kongwe za hapo kwenu, hudhoofisha sana mawimbi, hasa ya GHz 5, kwa hiyo tumia GHz 2.4 na uiweke ruta karibu na mlango wa uani, mahali ambapo mawimbi bado yana nguvu, wala si ndani ya chumba ambacho hayafiki. Kasi itapungua karibu nusu, kwa sababu redio ileile hupokea na kutuma kwa zamu.