Unaanza kusoma vita vya zama za kati kupitia muvi? Tafuta ardhi kwanza

Wadogo zangu mnaoanza historia na mmechagua kuandika kuhusu vita vya zama za kati kwenye muvi, karibuni sana, ni eneo tamu. Nimesoma kazi nyingi za wanaoanza na karibu zote zinaingilia mlango uleule wa mavazi, mara sketi zile za Waskoti hazikuwepo enzi hizo, mara rangi ya bluu usoni, mara panga. Mengi ni kweli kabisa, ila ukishaandika hayo bado hujasema kitu kuhusu vita yenyewe. Mimi nakushauri kabla ya nguo tafuta ardhi. Walipigana wapi, mto ulipita wapi, udongo ulikuwaje siku ile, halafu ndo urudi kwenye muvi uangalie dairekta kaondoa nini.

Chukua Braveheart ya 1995, muvi ya William Wallace, kiongozi wa Waskoti waliopigana na Waingereza. Vita ya Stirling, kule Scotland, 11 Septemba 1297, kwenye muvi ni uwanja tambarare, majeshi yanatazamana, hotuba, farasi wanakuja mbio, mikuki mirefu inainuliwa dakika ya mwisho. Sasa vita hiyo inajulikana kama vita ya daraja la Stirling na kwenye muvi daraja lenyewe halipo! Lilikuwa la mbao, jembamba, wapanda farasi wawili tu ndo wanapita sambamba, na ng'ambo mto Forth umejikunja ukalizunguka lile eneo. Waskoti wako kwenye kilima cha Abbey Craig wanawaangalia tu. Walter wa Guisborough, mtawa wa Kiingereza aliyeandika habari za enzi hiyo, anasimulia kwamba Richard Lundie, Mskoti aliyehamia upande wa Waingereza, aliwaambia wakubwa kuna kivuko si mbali wanapita watu 60 kwa mpigo, nipeni askari nikawazunguke hawa kwa nyuma. Wakamkatalia. Hugh de Cressingham, mtu wa hazina wa mfalme wa Uingereza, akang'ang'ania kwamba hela za mfalme zinapotea bure, twendeni darajani. Basi wakaanza kuvuka wawiliwawili, Waskoti wakasubiri, wakasubiri, mpaka wamevuka wale wanaowaweza, ndo wakashuka mbio wakaziba mdomo wa daraja, na waliovuka wakabanwa kati ya mikuki na maji huku wenzao upande wa pili wanatazama hawana la kufanya. Cressingham akafia hapohapo.

Daraja likitoka kwenye stori halitoki peke yake jamani. Inatoka subira ya Waskoti, unatoka ubishi wa makamanda wa Kiingereza, na anatoka Andrew Moray, aliyeongoza jeshi bega kwa bega na William Wallace na akafa miezi michache baadaye, kwenye muvi humuoni kabisa. Kinachobaki ni hotuba na ushujaa, kwa hiyo mtazamaji anaondoka akiamini walishinda kwa sababu waliupenda uhuru zaidi. Hapo ndo pa kuandikia, na ukipaandika vizuri mwalimu atakuelewa kuliko kurasa tatu za sketi.

Usiishie kulaumu lakini. Ile mikuki si uongo mtupu, mwaka uliofuata kule Falkirk Wallace alipanga watu wake makundi ya duara yenye mikuki mirefu na farasi wakashindwa kuyapenya, mpaka wapiga mishale wa Edward I, mfalme wa Uingereza, walipoyadhoofisha kwa mbali. Dairekta anachukua kitu cha kweli anakipachika siku isiyo yake, utalikuta hilo mara nyingi sana.

The King ya 2019, muvi ya Henry V mfalme wa Uingereza, iangalie kwa sababu ya tope. Agincourt, kule Ufaransa, Waingereza dhidi ya Wafaransa, 25 Oktoba 1415, shamba lilikuwa limelimwa, mvua imenyesha usiku, misitu pande zote mbili, Wafaransa wakasongamana mpaka hawawezi hata kurusha mkono vizuri, na muvi inakuonyesha mtu aliyevaa chuma mwili mzima anavyohangaika kwenye matope. Hapo wamefanya kazi nzuri. Ila yule mtoto wa mfalme wa Ufaransa anayefia pale hakuwepo vitani, alikufa kwa maradhi Desemba mwaka huohuo.

Kitu kingine fundisha jicho lako kuangalia mstari wa askari. Kwenye muvi baada ya dakika moja kila mtu kachanganyika anapigana na wa kwake, shujaa hana kofia ya chuma maana kamera inataka sura yake. Kiuhalisia mstari ndo ulikuwa uhai wako, ukivunjika mnakimbia, na wengi waliuawa wakiwa wanakimbia. Kule Towton, Uingereza, vita ya 29 Machi 1461, kaburi la pamoja lililofukuliwa 1996 lilikutwa na mafuvu yenye majeraha mengi mengi ya kichwa, soma ripoti za mifupa ile kabla hujaandika neno juu ya kofia.

Na idadi za majeshi usizitoe kwenye muvi wala usimwamini kila mwandishi wa kale, wengi walizidisha. Tafuta karatasi za mishahara. Za jeshi la Henry V la 1415 zipo nyingi hadi leo kwenye hifadhi ya nyaraka Uingereza, na utakuta majina ya wapiga mishale mmoja mmoja.